Roketi Iliyonukia Waridi

Wengi wenu mmeniuliza kwa nini nikiwaona akina mama wa kanisa wamesimama pale Porte de Namur, hapa Brussels, na sare zao za kitenge navuka barabara mbiombio kama mwizi, na siku zote nimewajibu kwamba nawahi metro. Hakuna metro ninayoiwahi. Naona aibu, basi, na aibu yangu mimi ina harufu (waridi iliyochanganywa na mafuta ya zeituni), na ikinipitia puani hata dukani tu natoka bila kununua kitu. Leo nitawasimulia yote, na mkitaka kucheka chekeni mapema, maana kule mwishoni hakuna cha kuchekesha.

Kwa msionijua vizuri, mimi ni Gasper, mtu wa Kilosa, fundi wa lifti, na nimemuoa Clarisse, Mkongo wa Bukavu, binti wa Papa Anselme na Maman Béa, na sote tulikuwa tunaishi nyumba moja Chaussée de Wavre, juu ya duka la vitenge, wazee ghorofa ya kwanza na sisi ya pili, na chini kabisa kuna stoo ya chini ya ardhi tunayogawana na jirani muuza samaki wakavu (hao samaki wakumbukeni, watarudi). Papa Anselme alikuwa mwalimu wa fizikia kule Bukavu kabla vita haijawang'oa, akaja hapa akasukuma vitanda vya hospitali mpaka akastaafu, mtu mrefu, mkimya, Mkatoliki wa misa ya asubuhi ambaye hakukubali kukanyaga kanisa la uamsho la mkewe hata kwa harusi. Maman Béa ni kinyume chake kabisa: huyo akinunua sufuria mpya lazima iombewe kwanza.

Sasa hili jambo la roketi lilianza kwa mzaha. Mwenzangu mmoja kazini, Mbelgiji, alinipeleka kwenye klabu ya watu wazima na akili zao wanaorusha roketi za kujitengenezea, na sisemi fataki za mwaka mpya, nasema roketi hasa, ndefu kuliko mimi, ambazo kabla ya kurushwa lazima iombwe ruhusa ndege zisipite. Nikarudi nyumbani nikahadithia mezani nikidhani nawachekesha, kumbe Papa ameweka kijiko chini na kuniangalia.

"Gasper," akasema, "miye nilikuwa nachora ile moteur ku tableau kila mwaka, na chaki. Nilifundisha batoto kintu yenye sijaona na macho yangu. Ata moja."

Basi ikawa kazi yetu ya Jumamosi, mimi na yeye stooni, katikati ya harufu ya samaki. Tulianza na injini ndogo ya mseto (moteur ya Papa ndiyo injini). Mseto maana yake ni hivi, nitasema kwa kifupi msinikimbie: chini kuna bomba lenye plastiki ngumu, hiyo ndiyo kuni, juu kuna tangi la gesi ya nitrasi, ile ile wanayotumia madaktari wa meno, hiyo ndiyo pumzi ya moto, katikati kuna vali, na chini ya vali kisahani chenye vitundu kinachopulizia gesi ile kwenye plastiki. Gesi peke yake ni mpole na plastiki peke yake ni mpole, ila zikikutana na cheche roketi inaondoka. Yetu iliondoka, kweli, mbele ya Papa mwenyewe akiwa na fimbo yake, ikafika juu kidogo ya miti ya misonobari, ikageuza pua, ikarudi chini. Wabelgiji wakapiga makofi ya adabu. Papa akatikisa kichwa akasema, "Ile imeruka tu. Haiyapanda." Alitaka kuona kitu kinapanda, kinaingia mawinguni na kupotea, na hapo ndipo tulipoamua kubadilisha vyuma vyote: tangi refu zaidi, vali mpya, kisahani kipya chenye vitundu vingi, mdomo mpya wa kutolea moto ambao hautaliwa na joto.

Vile vitundu vya kisahani alivitoboa yeye mwenyewe, kimoja kimoja, akipumzika kila baada ya tundu kwa sababu mapafu yalikwisha kuanza kumsumbua. Na alikuwa na sheria moja pale stooni, aliniimbia mpaka nikaiota: ndani ya tangi na ndani ya vali lisiingie tone la mafuta, wala grisi, wala jasho la kidole, kwa sababu ile gesi ikikutana na mafuta chini ya mgandamizo haingoji cheche, inaweza kulipuka yenyewe na chuma kikawa vipande. Tulinawa mikono kama wapasuaji, tukavaa glovu, akalisugua tangi kwa kitambaa cheupe mpaka ukichungulia ndani unajiona sura. Kwa hiyo mtu asije akaniambia sikujua, nilijua kuliko mtu yeyote Brussels nzima isipokuwa yeye.

Mwishoni mwa kiangazi mapafu yakamshinda. Tukampeleka nyumba ya wazee kule karibu na mabwawa ya Flagey, chumba kidogo chenye dirisha, na mpira mwembamba wa oksijeni puani mchana na usiku. Nakumbuka siku ya kwanza tu Maman Béa alitoa vaseline kwenye mkoba ampake mumewe midomo iliyokuwa imekauka, nesi akamzuia, akamweleza kwamba mafuta na oksijeni havikai pamoja, usoni kwake asipake tena kitu cha mafuta, hatari ya moto. Maman akairudisha vaseline mkobani pale pale. (Mimi nilikuwepo, nimesimama pale pale, nikaona kwa macho yangu, na akili yangu haikushika chochote.)

Daktari alimwambia Clarisse ukweli kwenye korido, na ukweli wenyewe ni kwamba Papa asingefika kiangazi kingine. Klabu ilikuwa imebakiwa na siku moja tu ya kurusha kabla ya baridi kufunga kila kitu, na baada ya hapo ni mpaka majira ya kuchipua. Nikamwambia Papa nitampeleka. Nyumba ya wazee wakakubali, na chupa ya oksijeni ya kusafiria, na mablanketi. Kuanzia siku hiyo kila nilipoingia chumbani kwake swali lake lilikuwa moja, "Tangi iko propre?", namjibu iko safi Papa, naye anafumba macho anatabasamu.

Sasa ndipo Maman Béa alipokuja, na hapa ndipo penye kosa langu, dogo kama tone.

"Mukwe yangu," akasema, amesimama mlangoni pa jikoni, "dimanche utaileta ku kanisa tuiombee. Kintu inapanda mbinguni bila maombi, vraiment, ile si mambo ya kucheza."

Kwetu mama mkwe haambiwi hapana. Anaambiwa ndiyo mama, halafu unatafuta njia ya kuzunguka. Nikasema ndiyo Maman, Jumapili nitaileta, nikiwa nimepanga kichwani kwamba nitapeleka pua ya roketi na mabawa, vipande vya rangi rangi tu, waviwekee mikono, tumalize. Naye kama aliyenisoma, akaongeza, "Mais ulete moteur. Moteur njo moyo yake." Nikasema ndiyo Maman mara ya pili. Na ili nisiwafiche kitu, kuna majivuno yangu pia humo: nilitaka wale watu walione lile tangi. Miaka yote kanisani mimi ni "Tanzanie", yule mkwe asiyejua Kilingala, anayekaa nyuma na kubeba viti. Nikalibeba na vali yake ikiwa imekwisha kufungwa chini, na juu nikaliacha bila kifuniko, makusudi, ili wachungulie waone lilivyong'aa.

Kanisa lenyewe ni gereji ya zamani iliyopakwa rangi nyeupe. Pasta Josué akalisimamisha tangi juu ya meza ya mbele, akawaita watu wote wasogee, akaeleza kwamba Papa Anselme ni mgonjwa, na kwamba hii ndiyo furaha yake ya mwisho, na hapo wamama wakaanza kulia. Akatoa chupa ya mafuta ya upako, yale yenye manukato. Nikajiambia atachovya kidole, atachora msalaba kwa nje, nitafuta baadaye. Akachovya kidole kweli, akachora msalaba kwa nje. Nikashusha pumzi. Halafu akasema kwa sauti kubwa, "Bapendwa, Mungu hatazamangi inje, anatazama ndani!" na jamani, akaiinua ile chupa akaimimina yote kwenye mdomo wa tangi.

Nilisikia kwa masikio yangu mafuta yanavyoteremka, glu glu glu, mpaka kwenye vali. Ngoma zikapigwa. Maman Béa alikuwa amenishika mkono, machozi yanamtiririka, ananiangalia kwa shukrani ambayo sijawahi kuiona machoni kwake tangu nimuoe binti yake, na kinywa changu kilikuwa wazi, neno lilikuwa pale kwenye ulimi, neno lenyewe ni "hapana" na halihitaji hata kamusi. Kanisa lote likaitikia amina. Mimi nikasema amina.

Nyumbani Clarisse aliponiona nalipindua tangi kwenye beseni na mafuta yanatoka, alikaa kwenye ngazi za stoo akashika kichwa.

"Muambie Papa," akasema.

"Nitamuambiaje? Agombane na mama yako akiwa kitandani? Afe na hasira?"

"Basi muambie Maman."

Hilo nalo sikulitaka. Kulisafisha tangi lenyewe ilikuwa kazi ya kawaida, maji ya moto, sabuni ya vyombo, spiriti, kitambaa cheupe. Shida ilikuwa vali. Vali ile inatoka kiwandani imefungwa, ndani kuna ringi za mpira na kona ambazo huwezi kuzifikia, ikishaingia mafuta dawa yake ni kuagiza nyingine, na nyingine isingefika kabla ya siku ya kurusha. Kwa hiyo kulikuwa na njia mbili: kumwambia mzee kwamba roketi yake haitaruka, au kusukuma spiriti kwenye vali mara nyingi nyingi na kujiaminisha. Nikasukuma spiriti. Nikanusa. Sikusikia waridi hata kidogo, nikafurahi (na hapa ndipo samaki wanaporudi: kwenye stoo ile pua yangu ilikuwa haisikii kitu isipokuwa makayabo, wale samaki wakavu wa jirani, ungeweza kunimwagia pipa zima la manukato nikakuapia ni samaki). Nikamwambia Clarisse imetakata. Aliniangalia muda, akapanda juu.

Siku ya siku ikafika na ukungu. Nilikuwa nimealika watu wa familia tu. Pale Porte de Namur nikakuta kwaya nzima, sare za kitenge, minibasi za kukodi, masufuria ya sombe, yaani kisamvu, na bugali yamefungwa kwa mataulo, ngoma, na Pasta mwenyewe amevaa koti refu. Maman Béa ndiye aliyewaita wote. Papa tulimpitia Flagey, tukampandisha na kiti chake cha magurudumu, amevikwa mablanketi mawili na kofia ya sufu, mpira puani, na macho yake, sijui niseme nini, yalikuwa macho ya mtu aliyekwisha kupona.

Uwanja uko mbali huko upande wa misitu, majani yameloa, upepo unapita suruali. Watu wa klabu wana vizibao vya njano na chupa zao za kahawa, watulivu, wanaongea polepole, nasi tukashuka na ngoma. Nikamweka Papa mbele kabisa kwenye kamba, karibu na meza ya ukaguzi, ili aone vizuri. Mkaguzi wa usalama ni mama mmoja anaitwa Hilde, nywele fupi nyeupe, mkarimu sana, alimpa Papa mkono akamwambia kwa Kifaransa kwamba amesikia habari za vitundu vyake. Papa akacheka. Ndiyo mara ya mwisho niliyomsikia akicheka.

Hilde akaanza kukagua. Mabawa, sawa. Parachuti, sawa. Mdomo wa moto, akausifu. Akafika kwenye tangi, akaniuliza swali wanalomuuliza kila mtu, kwamba limesafishwa na halina mafuta wala grisi ndani, na mimi, mbele ya Papa, mbele ya kwaya, nikajibu bila kupepesa kwamba halina. Akainama kuchungulia na tochi yake. Akasimama. Akainama tena, safari hii akanusa.

"Linanukia maua," akasema.

Nikasema labda ni sabuni. Hakunibishia. Akachukua fimbo nyembamba, akaifunga kitambaa cheupe, akakipitisha ndani ya tangi mpaka kwenye mdomo wa vali, akakizungusha, akakitoa. Pembeni mwa kitambaa kulikuwa na duara la njano, dogo, linang'aa. Na pale kwenye hewa baridi isiyo na samaki, hata mimi nilisikia waridi.

Maman Béa aliona watu wananusa na kuangaliana, akadhani wamependezwa. Akasogea mpaka mezani, akanyoosha kitenge, akasema kwa Kifaransa kwa sauti ya kusikika uwanja mzima, "Ni mafuta ya upako, madame! Ni sisi tuliotia!" na kwaya nyuma yake ikapiga vigelegele. Hilde akanigeukia mimi, si yeye. Akaniuliza taratibu kama nilikuwa najua. Nikaangalia viatu, na kwa mtu mwenye akili hilo ni jibu.

Hakunigombeza, afadhali angenigombeza. Akawaita wanachama wote waje waone, kwa ajili ya kujifunza, akasema, hii ni bahati kupata mfano hai. Basi wakapanga mstari wale watu wa vizibao vya njano, mmoja mmoja wakainama wakanusa tangi langu, wengine wakafumba macho, mwingine akarudi kunusa mara ya pili, na kila mmoja akiinuka ananiangalia kwa huruma fulani halafu anampisha mwenzake. Kipaza sauti kikatangaza kwa Kifaransa na Kiflamandi kwamba roketi ya Gasper imeondolewa kwa sababu ya mafuta ndani ya tangi, na wale waliokuwa mbali wakaanza kuulizana ni ipi hiyo, nikasikia mtu akijibu, ile yenye pafyumu. Pasta Josué naye akaingilia, akamwambia Hilde kwamba "mafuta ya Mungu haiwezi kuleta mubaya, madame, acheni iende, tuko na imani," nami ndiye niliyetakiwa kusema kitu, maana ndiye pekee pale niliyezielewa pande zote mbili, lakini nilibaki nimesimama katikati. Hilde akabandika utepe mwekundu juu ya mdomo wa tangi. Wamama waliokuwa wamekwisha kufunua masufuria wakayafunika tena.

Nikageuka. Papa alikuwa ameshuhudia yote kutoka kwenye kiti chake. Nikaenda nikachuchumaa mbele yake.

"Gasper."

"Naam, Papa."

"Uliona wakati banamwanga ile mafuta?"

"Niliona, Papa."

"Na weye ulisema nini?"

Ningeweza kudanganya tena, nilikuwa nimekwisha kuzoea siku hiyo. "Nilisema amina."

Akafumba macho. "Bon," akasema, yaani haya basi. Akarudia, "Bon." Nyuma yangu wakahesabu kurudi nyuma, roketi ya Mbelgiji mmoja ikaondoka kwa kishindo, ikapanda wima, ikaingia mawinguni ikapotea, vile vile kama alivyotaka yeye, na watu wote wakainua nyuso. Yeye hakuinua. Nikamwambia, Papa, tazama, imepanda.

"Ile haiko yetu," akasema. "Nipeleke ku minibus, niko na baridi."

Njia ya kurudi hakuna aliyeimba. Pasta alijaribu kuomba pale mbele, akamaliza, na hakuna aliyeitikia. Maman Béa alikuwa amekaa na sufuria mapajani, anatazama dirishani, hajui hasa kilichoharibika ni nini, anajua tu kwamba ameaibishwa mbele ya wazungu na mbele ya kanisa na kwamba mkwe wake alikuwa anajua kitu ambacho yeye hakuambiwa. Klabu waliniandikia kwamba nipumzike hata na mikutano yao mpaka majira ya kuchipua, kwa adabu zao zote, si kwa sababu ya mafuta bali kwa sababu niliulizwa nikasema hakuna. Nilistahili.

Papa aliendelea kunipokea kila Jumamosi. Aliniuliza habari za lifti, habari za mvua, habari za timu ya mpira. Hakuniuliza tena kama tangi ni safi. Ningetoa mkono mmoja aniulize. Alifariki katikati ya baridi, asubuhi, Clarisse akiwa amemshika, na pale msibani mzee mmoja wa Bukavu, ambaye kumbe alikuwa mwanafunzi wake, akasimama kusimulia jinsi mwalimu alivyokuwa akichora injini ya roketi ubaoni mpaka chaki inaisha, kisha akauliza kwa nia njema kabisa kama mwalimu aliwahi kuiona. Nilitoka nikaenda kupanga viti.

Ilipokaribia siku ya kwanza ya klabu baada ya baridi, niliagiza vali mpya, nikashuka stooni, nikanawa, nikavaa glovu, nikaanza upya. Nikasikia hatua za Maman Béa kwenye ngazi. Alikuwa na nguo zake nyeusi, na mkononi chupa nyingine ya yale mafuta ya upako. Akasimama, ananingoja mimi, na nikaona anaogopa, na sijawahi kufikiri kwamba yule mama anaweza kuniogopa.

"Hapana, Maman," nikasema. Sauti ilitoka ndogo. "Mafuta hapana."

"Juu ya nini?" akauliza, yaani kwa nini.

Hapo ndipo niligundua kwamba hakuna mtu aliyewahi kumweleza. Tulimwonea aibu, tukamsamehe kimyakimya, tukamlaumu kimyakimya, lakini kumweleza hakuna aliyemweleza. Nikamwambia: humu ndani inaingia gesi inayoupa moto pumzi, ikikutana na mafuta inaweza kulipuka yenyewe, na vali ikishaingia mafuta haisafishiki tena. Alisikiliza mpaka mwisho. Akaitazama chupa.

"Si njo kama oxygène ya Papa?" akasema.

"Ndiyo, Maman. Ni kama hiyo hiyo."

"Infirmière alinikataza vaseline, nikaiacha ile siku ile ile. Sikugombana naye." Akakaa kwenye kigoda cha Papa, polepole. "Ungenambia tu, 'Maman, hii iko kama pua ya Papa.' Miye mwenyewe ningeshika mukono ya Pasta." Akaonyesha vali mpya kwa kidevu. "Vali ingine ilikuwako?"

"Kama mngeiombea bila mafuta, ile ya kwanza ingetosha."

"Donc angeiona."

"Angeiona, Maman."

Akaifunga chupa kwa nguvu, akaiweka juu kwenye ngazi, mbali. Kisha akainuka, akaficha mikono yake nyuma ili isiguse kitu, akaliombea tangi hivyo hivyo, kwa sauti ndogo, na mimi nikiwa na glovu zangu sikuweza hata kufuta macho.

Iliruka, ndiyo. Najua mtauliza. Hilde aliikagua akairuhusu, ikapanda, ikaingia mawinguni, watu wakapiga makofi, na mimi sikuiona sawasawa kwa sababu nilikuwa natazama pale kwenye kamba ambapo kiti cha magurudumu kilikuwa kimesimama siku ile. Maman Béa alikuwa amekuja peke yake, bila kwaya, na yeye alikuwa anatazama hapo hapo.

Tangu hapo nimejiapiza, na mke wangu ni shahidi: mtu akinijia na jambo ambalo moyo wangu unaniambia halifai, awe mama mkwe, awe Pasta, awe bosi wangu wa lifti, nasema hapana pale pale mlangoni, na nasema kwa sababu gani, hata kama nikiisema sauti inatetemeka. Mara nyingi wanajibu tu, "Ah, bon," na maisha yanaendelea. Hilo ndilo linaloniuma zaidi ya yote.